Kalamu Nyekundu Kisiwani Naroa

Nimechoka. Naanza na hilo ili nisije nikalaumiwa mbele ya safari. Magoti yanauma, macho yanadai miwani mipya, na kwa miezi mitatu nimeandika upya maneno mia nne na kumi ya lugha ambayo hakuna mtu anayeizungumza. Binti yangu Upendo alipokuja kunisalimia hapa Kilole alikuta meza imejaa madaftari, akauliza nafanya nini. Nikamwambia natengeneza nilipoharibu. Akaenda zake jikoni.

Lugha yenyewe ni ya watu wawili, mimi na Naomi. Tulikuwa kidato cha pili, bweni moja, mimi wa Dindira niliyezoea baridi na ukungu, yeye wa kwa wafugaji wa Handeni, huko kukavu. Bahari hakuna aliyekuwa ameiona. Labda ndiyo maana tukajitungia visiwa, vya joto, vyenye mvua kila siku ya Mungu, na watu wa ukoo mmoja waliotawanyika kwa mitumbwi. Changu kiliitwa Telui, chake Naroa. Mwanzo wote walisema lugha moja. Kisha kila mwaka, hata tulipomaliza shule, hata tulipoolewa, tuliendelea kuzizeesha lugha zao.

Kazi ilikwenda hivi. Kila mmoja anachagua sauti moja ambayo watu wa kisiwa chake wamechoka kuitamka. Ukisema pa imelegea imekuwa ha, na pi ikawa hi, basi kila neno lenye sauti hiyo lifuate, hata lile unalolipenda. Hakuna upendeleo. Halafu daftari unampa konda wa basi, mwenzako analikagua, analirudisha. Miaka thelathini na kitu hatukuivunja sheria hiyo, na niseme tu ukweli, sheria niliitunga mimi. Nilikuja kuwa mwalimu, lakini ukali nilizaliwa nao.

Naomi alijifungua mtoto wake wa kwanza siku mvua iliponyesha Handeni baada ya ukame mrefu. Nyumbani wakampa jina la kwao. Kwenye daftari Naomi akamwita Pirua, neno letu la upepo unaotangulia mvua. Hilo jina la kwao sitaliandika hapa, nimeshajifunza. Kijana alikufa kwa ajali ya pikipiki akiwa na miaka kumi na tisa, na katika ukoo wao aliyekufa hatajwi tena. Niliyaona msibani. Baba yake, Leboo, hakulitamka jina lake hata mara moja. Majirani waliozoea kumwita Naomi mama wa kijana yule wakaanza kumwita Mama Nalangu, kwa jina la binti yake wa pili, kana kwamba wa kwanza hakuwahi kuwapo.

Mwaka uliofuata likaja daftari la Naroa. Naomi alikuwa ameamua pa iwe ha. Maneno yote yalifuata, safi kabisa, isipokuwa moja. Pirua lilibaki Pirua.

Siku hiyo nilikuwa nasahihisha mitihani ya madarasa matatu. Kalamu nyekundu mkononi, kichwa kinagonga. Ningependa kusema sikuona ni neno gani. Niliona. Nikalikata, nikaandika juu yake Hirua, na pembeni nikaongeza: Sheria ni moja kwa wote. Nikampelekea konda daftari, nikarudi kusonga ugali.

Halikuja tena. Mwaka wa kwanza nilijiambia amesusa, atajirudi. Simu zangu alipokea. Tulisalimiana, habari za mifugo, habari za mvua, haya kwaheri. Mwaka wa pili, nikiwa nachambua maharage, ndipo akili ikanijia. Yule mama alikuwa amebakiwa na mahali pamoja tu duniani pa kumwandika mwanawe, mstari mmoja wa daftari, nami nimeupiga kalamu nyekundu. Jamani! Nilisikia aibu mpaka maharage nikayaacha pale pale. Na bado nikakaa mwaka mzima mwingine bila kwenda, kwa sababu kuomba msamaha sijui. Hata marehemu mume wangu alikuwa akiniambia hivyo.

Kumwambia tu kwamba neno lake nimeliruhusu nisingethubutu. Namjua Naomi, angeona namhurumia, angenipa chai na kunisindikiza kituoni. Ilibidi neno lenyewe lipate haki ya kubaki. Njia ilikuwa moja. Watu wa visiwa huazimana maneno, na neno la kuazima halidaiwi mabadiliko yaliyopita kabla halijafika. Kama Telui wangekuwa bado wanasema pa, watu wa Naroa wangeweza kuliazima Pirua kwao baadaye, likiwa zima. Tatizo, pa ya Telui niliiua mwenyewe miaka ishirini iliyopita, ikawa fa, na mengine yote nikayajenga juu ya hapo. Basi nikaibomoa Telui. Miaka ishirini ya kazi yangu, neno kwa neno, pa ikarudi.

Juzi nikapanda gari la Handeni. Naomi alinipokea vizuri, akanipa chai ya maziwa, hakuuliza kilichonileta. Amekonda. Nikamwekea daftari mapajani. Alilisoma polepole, kurasa zote, nami nikanywa chai mpaka ikaisha na kujifanya bado ipo. Alipomaliza akaingia ndani, akatoka na daftari lake. Akanifungulia ukurasa ule. Mstari wangu mwekundu upo. Chini yake, kwa mwandiko wake, ameandika Hirua.

"Nilimbadilisha mwenyewe mwaka jana," akasema. "Wenzake wote walishaenda. Nikaona amebaki peke yake pale."

Miezi mitatu ya macho yangu, na kumbe nimechelewa. Nikamwambia anisamehe. Lilitoka vibaya, kwa sauti ya mwalimu, lakini lilitoka.

Naomi akalichukua tena daftari la Telui, akaanza kutafuta kwa kidole. Leboo alikuwa zizini, hatua chache kutoka tulipokaa, anatusikia. Kidole kikasimama.

"Pirua," akasema Naomi, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayemwita mtoto aje ale.

Leboo aliinua kichwa, akatutazama, kisha akarudi kwa ng'ombe wake. Naomi akalifunga daftari, akanirudishia, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Basi akae kwako," akaniambia. "Mimi nitakuwa nakuja kumsalimia. Na wewe na sheria zako, mwakani usimguse."

Nikamwambia simgusi.