Picha ya Baba Mkwe

Kila Jumanne dada Petersen wa kliniki alikuja kwetu kijijini na picha zake, kumzoesha mama mkwe wangu, MaDlomo, kutaja vitu na watu ili akili isizidi kumtoka. Kikombe alikitaja. Mbuzi alimtaja. Ilipofika picha ya marehemu baba mkwe wake, alivuta kitambaa cha kichwani mpaka kwenye nyusi, akasema, "Huyo ndiye mwenye ng'ombe."

"Hapana, mama. Jina lake."

"Mwenye ng'ombe, nimekwambia! Huna masikio?"

Petersen akamwekea alama ya kosa. Nikamfokea. Nilimweleza kwamba kwetu Waxhosa mke halitaji jina la baba mkwe wake, awe hai au kaburini. MaDlomo hakulisahau hata kidogo. Alilistahi tangu siku aliyoolewa.

"Mazoezi ni mazoezi, dada," akanijibu, mtu wa mjini huyo.

Jumanne hii picha ilipotolewa, MaDlomo hakushika kitambaa. Alitabasamu kama msichana, akalitaja jina zima, kwa sauti, mbele ya mwanawe.

"Hongera, mama! Mnaona? Kumbukumbu inarudi!" Petersen alipiga makofi.

Mume wangu aliweka chai yake chini, akatoka kwenda zizini.

Kitambaa kilikuwa kimemwanguka mama. Nikapiga magoti nimfunge tena. Akanisukuma mkono.

"Niache, wewe! Vitambaa ni vya walioolewa."