Moyo wa Kijana wa Mutuka

Tangu Clara awaletee wazazi wake ile saa ya mkononi, nyumba ya Octavian pale Mutuka haikuwa na amani tena. Clara anauza simu Dodoma. Alisoma kijitabu cha saa hiyo, akawaeleza kwamba moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani. Nafasi kati ya pigo na pigo hurefuka kidogo, hufupika kidogo, na saa inaugeuza mchezo huo kuwa namba. Vijana namba zao ziko juu, na umri ukisogea zinashuka. Ujanani wanaume na wanawake hutofautiana, ila wakishavuka hamsini tofauti hiyo hupungua. Akawaandikia namba za kila umri kwenye karatasi, akaibandika ukutani, akapanda basi akaondoka zake.

Octavian, mwenye miaka sitini na sita, akapata mia na ishirini. Mkewe Romana, wa sitini na moja, akapata ishirini na mbili.

"Baba Clara, mbona kwenye karatasi hata kijana wa miaka ishirini hafiki huko?" Romana aliuliza.

"Ndiyo ujue uliolewa na mwanaume," Octavian akajibu. "Pole, bibi yangu."

Mwanaume akipewa sifa na mashine hashikiki. Alhamisi, jumuiya walipomaliza rozari, alisimama wakati wa matangazo akaitaja namba yake mbele za watu. Mwenyekiti akaagiza makofi ya kilo, yale ya kuhesabiwa kwa pamoja, wakampasulia kilo tatu. Hapohapo wakamtoa kwenye kundi la wazee wa kuchangia maharage, wakamwandika na vijana wanaobeba mawe ya kanisa jipya. Alibeba siku tatu. Kila baada ya mawe mawili alisimama, mkono kiunoni, akisema anautazama Mlima Kwaraa kama utaleta mvua.

Romana hakuwa na nafasi ya kumcheka. Ishirini na mbili! Badala ya kujilinganisha na karatasi alijilinganisha na mumewe, akaamini kabisa kwamba anakufa. Alimwonyesha mumewe mbegu zilipo, dawa ya mahindi ilipo, hata kitenge cha kumzikia. Wiki ya pili uoga ukamshinda, wakachukua bajaji hadi zahanati moja ya mjini Babati. Octavian alifuatana naye kwa furaha, saa ikiwa mkononi mwake.

"Shikamooni," alisema Daktari Kindness, binti mpole mwenye umri kama wa Clara. Aliisikiliza hofu ya Romana yote, akampima taratibu, kisha akacheka.

"Mama, kwa umri wako namba hiyo ni ya kawaida kabisa. Moyo wako mzima."

Romana akafanya ishara ya msalaba.

"Sasa tazama wa kijana," Octavian akanyoosha mkono.

Daktari alitazama saa, kicheko kikamwisha. Akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, akaanza kuhesabu upya.

"Baba, siku hizi unachoka?"

"Mimi?"

"Anabeba mawe ya kanisa, anasimamasimama," Romana akadakia. "Anatazama mlima."

"Mama, naomba umpishe kitandani."

Wakambandika nyaya kifuani. Mashine ikatema karatasi yenye mistari, na hata Romana, aliyeishia darasa la saba, aliona kwamba vilima vya mistari ile vimekaa hovyo, viwili vimebanana, kimoja kiko mbali.

"Huu si ujana, baba," daktari alisema. "Moyo wako umepoteza mpangilio. Saa haijui, yenyewe inahesabu tofauti za mapigo tu. Damu inaweza kuganda humo ndani, na kipande kikipanda kichwani ni kiharusi. Ungeweza kuanguka na jiwe lako. Dawa zipo, tunaanza leo."

Octavian alilala pale mdomo wazi, rangi imemtoka.

"Lakini walinipigia makofi," akasema kwa sauti ya mtoto.

Alimgeukia mkewe, akanyoosha mkono kuutafuta wa Romana. Romana aliganda kwenye kiti, hakuweza hata kumtazama usoni. Wiki nzima, kila alfajiri, alikuwa amepiga magoti akimwomba Mungu neno moja tu, kwamba huo ugonjwa wa moyo usiwe wake yeye.