Mfalme wa Bolti

Kwenye karakana ile ya baiskeli kila mtu aliijua alama. Hakimu akivua miwani, akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati, mchezo umekwisha. Aliyekaa mbele yake alimlaza mfalme wake ubavu, akanyanyuka, mwingine akakaa. Hakuwa hakimu wa kweli. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, ila kwenye sataranji hukumu zake hazikuwa na rufaa.

Isipokuwa kwa mtu mmoja. Fundi, mwenye karakana, alishindwa na Hakimu mara nyingi kuliko nati zilizojaa makopo yake, lakini hakumlaza mfalme hata siku moja. Kama njia ya kunimaliza ipo, alikuwa akisema, nionyeshe. Kwa hiyo Hakimu alibaki na miwani puani mpaka hatua ya mwisho, akilalamika kwamba anapotezewa muda. Mfalme mweusi wa mbao alipopotea, Fundi aliweka bolti nene mahali pake, akaijaribu mbele ya watu. Ukiilaza, ilibingirika mpaka ikaanguka chini ya meza.

"Mnaona?" alisema. "Huyu hajui kulala."

Sasa Fundi alikuwa ameshazikwa, wiki ya tatu hiyo, na mchezo wao wa mwisho ulikuwa bado mezani nyuma ya rundo la tairi. Waliuanza kabla hajalazwa hospitali. Alipolazwa, binti yake ndiye aliyepeleka hatua: ya Hakimu asubuhi akienda wodini, ya baba yake alasiri akirudi, zote ameziandika nyuma ya kiboksi cha viraka. Siku daktari alipomwita pembeni kumweleza mambo yalivyo, alirudi kitandani kwa mgonjwa machozi yamemjaa machoni. Baba yake hakuuliza daktari kasema nini. Aliuliza kama zamu bado ni yake. Binti akamjibu ndiyo. Basi, alisema mgonjwa, akafumba macho apate kufikiri. Hatua ile hakuwahi kuitoa.

Alasiri hiyo Hakimu aliingia, akavua kofia, akazungumza kwa upole. Alisema marehemu alikuwa rafiki yake wa miaka thelathini, na haifai ubao ukae pale unakusanya vumbi kama kesi iliyokosa mlalamikaji. Weusi walibaki na mfalme na askari mmoja. Weupe walikuwa na malkia mzima. Kumlaza mfalme kwa wakati wake si aibu, alisema. Ni kumwambia mwenzako kwamba umeona alichokiona, hakuna haja ya kuburuzana. Hata yeye hulaza akiona maji yamefika shingoni.

Binti alikuwa akinyoosha gurudumu la mteja, akilizungusha na kukaza spoki mojamoja. Alimsikiliza mpaka mwisho, na sehemu kubwa ya maneno yale aliona ni kweli. Mchezo ungekuwa mwingine, angelaza. Lakini akiilaza bolti ile, basi mara pekee ambayo baba yake alikubali kushindwa itakuwa ile ambayo mwenyewe hakuwepo.

Akafuta grisi mikononi, akakaa kwenye kiti cha Fundi.

"Zamu ni yetu," alisema.

"Mwanangu, hapo pamekwisha."

"Basi haitachukua muda, mzee."

Fundi msaidizi, aliyeitwa Spoki kwa wembamba wake, alicheka ndani ya kikombe cha chai, akajifanya amepaliwa.

Hakimu aliwatazama wote wawili. Kisha akavua miwani, akaikunja taratibu, akaitia mfukoni. Kwa Fundi hakuwahi kufanya hivyo. Binti alihisi shingo ikimwaka moto, akamsogeza mfalme.

Wakaendelea. Hakimu alicheza huku amerudisha kichwa nyuma kama mtu anayesoma kibao cha mbali. Mara mbili alimweka malkia katikati ya miraba miwili, na Spoki akamuuliza kwa adabu amekusudia upi. Mara ya pili akamuuliza pia kama miwani imepotea.

"Ya nini? Mchezo umekwisha."

Kuivaa kungekuwa kukiri kwamba haujakwisha.

Mfalme wa bolti akasukumwa mpaka ukingoni, akasimama karibu na askari wake kumlinda. Malkia naye akajipanga mstari mmoja na yule askari, akimnyemelea. Binti akakumbuka somo alilopewa mezani pale alipokuwa na miaka kumi. Mfalme akishambuliwa na hana pa kwenda, amekufa. Lakini asiposhambuliwa, naye hana mraba salama wa kukanyaga wala kete nyingine ya kusogeza, hakuna aliyeshinda.

Akaichukua bolti, akaipeleka kwenye kona ya ubao, akamwacha askari peke yake.

"Dada, umemwacha," Spoki alinong'ona.

Hakimu alitikisa kichwa kwa huruma. Malkia akamla askari.

"Haya. Sasa laza, mwanangu."

"Unanishambulia, mzee?"

"Bado, ila..."

"Basi nisogee wapi?"

Hakimu akainama. Akainama zaidi, pua karibu iguse ubao. Mkono ukaenda mfukoni, ukatoa miwani, ukaifungua. Alihesabu kwa kidole miraba mitatu inayoizunguka bolti. Wa kwanza malkia anauona. Wa pili anauona. Wa tatu pia. Na bolti yenyewe imesimama, haishambuliwi na yeyote.

"Sare," alisema, kama anayesoma hukumu iliyoandikwa na mwingine.

"Sare," binti alisema. Sauti ilimkatika katikati ya neno, naye hakuificha.

Hakimu akaanza kupanga kete upya, moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye bolti aliishika kidogo, akaigeuza vidoleni, kisha akaisimamisha upande wa kiti cha Fundi.

"Tuanze mwingine," alisema.

Binti akamwambia kuna gurudumu la mteja, linatakiwa saa kumi, na yeye hakatishi kazi kwa ajili ya mtu.

"Nitangoja," alisema Hakimu, akakaa vizuri, miwani puani.