Nyasi Bila Ng'ombe

...na hiyo mashine ya kukata nyasi ya kusukuma kwa mkono je, Wamboi akawaza, hiyo haitii petroli, nyasi zake hazitanuka moshi, ng'ombe wake Nyange atazila bila taabu, ingawa Nyange gani tena, mnunuzi anakuja Jumamosi kumchukua, Gachau alishapatana naye kabla ya kumwambia yeye mama yake, yeye mwenye ng'ombe, eti boma linanuka, eti anataka uwanja mbele ya nyumba, nyasi za kutazamwa na wageni wa ofisini, ebo, Ruiru nzima nani amewahi kupanda nyasi zisizoliwa na mtu wala mnyama, na hilo boma halikunuka lilipomsomesha... "Hii ya stima haina kelele, mama," alikuwa akisema Irshad mwenye duka, mkono juu ya mpini wa mashine nyekundu, na Gachau akamkata kauli, "Stima ya Ruiru unaijua wewe? Inapotea wiki nzima," naye Irshad akacheka, "Basi beba ya petroli, hata nyasi ikiwa ndefu na maji itapita," nyasi yenye maji, Irshad ajue nini, anauza vyuma hapa Thika, nyasi ya kikuyu ikiwa na umande huianika kwanza, la sivyo ng'ombe anafura tumbo, na huyu mwanawe alilijua hilo angali mdogo, ndiye aliyekuwa akikata kando ya reli kila jioni akitoka shule, leo amekuwa bwana mkubwa, anaonea haya kinyesi, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, ni uongo mtupu, kwani nani alimlea huyu madharau...

"Maitu, hiyo ya mkono achana nayo," Gachau akamwambia mama yake. "Mambo ya kutoa jasho kwa nyasi mimi nilimaliza nikiwa darasa la nne."

Hakucheka aliposema, wala hakumtazama, na darasa la nne, kwa nini la nne, alikata hadi la nane... la nne ndio mwaka ule wa mvua nyingi, Gachau amesimama mlangoni pa boma mikono mitupu, mmoja ameuficha ndani ya sweta, naye akamfokea, nyasi ziko wapi, ng'ombe yuko karibu kuzaa, unataka alale njaa, rudi relini, na mtoto akarudi, hakubisha, na alipofika tena na mzigo kichwani ndipo Wamboi alipoiona ile sweta imelowa damu hadi kiwiko, panga lilikuwa limemkata mapema, mara ya kwanza alikuja kumwonyesha mkono, Mungu wangu, alikuja kumwonyesha mkono, naye akamtazama kichwani kama kuna nyasi.

Kumbe si wageni. Si harufu. Ni mkono ule. Na yeye amewaambia akina mama wote wa kanisa kwamba mwanawe ana kiburi, wakamwonea huruma, akaipokea.

"Mama, tufunge gani?" Irshad akauliza, bado ameshika mpini, na Gachau bado ameinamia magurudumu ya ile ya petroli, naye Wamboi akabaki na uchungu wake ule ule, ila sasa haukuwa na mtu mwingine wa kumwelekea, akajua kwamba Jumamosi atamfungua Nyange kwa mkono wake, atampa mnunuzi kamba, na hata hivyo yule mtoto wa darasa la nne atabaki amesimama pale mlangoni pa boma, hajaulizwa bado mkono wake umepatwa na nini.