Ukuta wa Akina John

Kamati ya ukumbusho ilikaa vikao, ikala samosa, ikapanda ndege kwenda kuona wenzetu wa nchi nyingine wanavyokumbuka wafu wao, ikarudi na zawadi za watoto, na mwishowe ikatujengea jumba. Liko nje kidogo ya Eldoret, ukishika njia ya Moiben, na kwa nje ni zuri kweli, sitasema uongo. Chifu alipita mtaani kwetu Langas akitangaza kwamba kila aliyefiwa katika vita vya baada ya uchaguzi, vile vya kuingia mwaka wa elfu mbili na nane, aje siku ya ufunguzi aone jina la mtu wake ukutani. Aje na nguo safi, kwa sababu Mheshimiwa atakuwepo na kamera zitakuwepo.

Mama yangu, Eddah, hawezi tena kutembea mbali. Aliniita jikoni asubuhi hiyo kabla sijafungua duka.

"Wangeci, enda uone jina ya Gathogo. Ukiipata unipigie simu. Uniambie iko juu ama chini, na iko karibu na nani."

Gathogo ni ndugu yangu. Hana kaburi. Alikuwa akibeba viazi na lori, na Januari ile walimsimamisha kwenye kizuizi cha mawe barabarani wakamwomba kitambulisho. Abiria aliyekuwa naye walikisoma chake wakamwachilia, ndiye aliyetuletea habari. Lori tulilipata limekuwa jivu na vyuma. Yeye hatukumpata kabisa. Kwa hiyo mama alipokuwa akiniuliza jina liko karibu na nani, alikuwa akiniuliza mwanawe amezikwa wapi, na mimi nilijua hivyo.

Nilikwenda na jirani yangu Emmaculate Adero, muuguzi mstaafu, mwanamke anayeweza kukuchoma sindano na maneno kwa wakati mmoja. Mdogo wake, Joash Okumu, alifanya kazi kwenye mashamba ya maua kule Naivasha, na mwezi ule ule wakamuulia huko. Waliomuua walikuwa watu wa kabila langu mimi. Hilo tunalijua sote wawili. Tumekaa miaka yote tukilizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la barabarani walilolizoea, tukiazimana sukari na kubishana juu ya kwaya, na halijawahi kutajwa.

Mlangoni kulikuwa na jiwe jeusi la ufunguzi lenye jina la Mheshimiwa: majina yake yote ya nyumbani, la baba, la babu, na vyeo vyote vya shule. Tukalisoma mpaka tukachoka. Kisha msichana mmoja aliyevaa sare ya kijani, Jerop, akatupokea kwa adabu na kuanza kututembeza.

Ubao wa kwanza uliandikwa kwa herufi za dhahabu: MWAKA HUO NCHI YETU ILIPATWA NA HALI.

"Hali gani?" Emmaculate akauliza. "Ya hewa?"

Jerop akacheka kidogo, akaangalia nyuma. "Hali tu, mathe. Tuendelee."

Tukaendelea. Kulikuwa na picha ya nyumba inayowaka, kubwa kuliko mlango wa duka langu.

"Hii nyumba ilichomwa na nani?" nikauliza.

"Na moto, mama."

"Na huo moto ulitoka wapi?"

"Hiyo script haisemi. Tuliambiwa mtu akiuliza hivyo tumpeleke section ya matumaini."

Ndani ya kabati la kioo kulikuwa na panga moja, safi, limetiwa mafuta. Chini yake kikaratasi kilisema: Kifaa cha shambani. Pembeni lilisimamishwa hema kama yale tuliyolala uwanja wa maonyesho tulipofukuzwa makwetu, ila hili lilikuwa jipya, lina zulia ndani na blanketi la maua. Emmaculate aliingiza kichwa, akatoka akisema kama ndilo hema lile, yeye angekuwa bado anaishi humo. Section ya matumaini nayo ilikuwa na njiwa wa plastiki na kioo cha kujitazama kilichoandikwa WEWE NDIWE AMANI. Watu walipanga foleni kujipiga picha hapo. Nilijitazama. Amani ilikuwa na kitambaa kichwani na uso wa mtu ambaye hajanywa chai.

Kisha tukafika ukutani.

Ni ukuta mrefu wa mawe meusi na majina yamechongwa kwa mstari, meupe, yanapendeza. Nikavaa miwani nikaanza kusoma. John. John. Mary. Peter. John. Grace. Mary. Joseph. John. Nikafikiri hayo ni mapambo, majina yenyewe yako mbele. Nikasonga. Peter. Elizabeth. John. Watu wengine walikuwa wamesimama hapo midomo wazi. Mzee mmoja na mama mmoja wasiojuana walikuwa wameshika Joseph mmoja, kila mtu ameweka kidole chake, na hakuna aliyetaka kutoa.

"Jerop," nikasema, "majina mengine yako wapi?"

"Ndiyo hayo, mama."

"Hayo ni nusu. John nani?"

Hapo akaja Mwenyekiti wa kamati mwenyewe, Mzee Gerishon, tai nyekundu shingoni na ua kifuani. Huyu ni mtu wa kwetu, tunasali kanisa moja, na akiombewa kupanda cheo mimi pia huitikia amina.

"Wangeci! Karibu sana. Umeona kazi?"

"Nimeona, Mzee. Sijaelewa."

Akanivuta kando kidogo, akashusha sauti, akanieleza kwa upole kama mtu anayeeleza mtoto namna ya kufunga kamba za viatu. Majina ya pili yana ukabila. Mtu akisoma jina la pili atajua huyu alitoka wapi, aanze kuhesabu, aseme wetu walikuwa wengi, wao walikuwa wachache, na kidonda kitoneke. Kamati ilikesha juu ya jambo hilo, wataalamu wakaitwa, na ikaamuliwa yabaki majina ya ubatizo peke yake.

"John hana kabila," akasema kwa furaha. "John ni wetu sote."

"Na mtu asiye na jina ya ubatizo?"

"Kila mtu ako nayo."

"Gathogo hana."

Mzee Gerishon alimfahamu Gathogo. Kila mtu kanisani alimfahamu, kwa kutokuwepo kwake. Ndugu yangu alikuwa mtu mwema lakini kichwa chake kilikuwa jiwe. Darasa la ubatizo aliliacha katikati baada ya kubishana na katekista kuhusu Yona, akitaka kujua mtu alikaa vipi tumboni mwa samaki na hakuna mahali pameandikwa alikula nini. Alipoambiwa achague jina la mtakatifu, alisema jina analo tayari, la babu yetu, kama desturi ya kwetu inavyotaka, na babu hajamkosea kitu mpaka amvue. Mama alilia. Alifunga, akaomba, akamtuma padri, akamtuma shangazi. Gathogo aliwapikia chai wote wawili, wakaenda zao, na kitambulisho chake kikaendelea kusoma Gathogo Kamande, jina la babu na jina la baba.

"Kumbe ndiyo maana hatukumwona kwa orodha ya kanisa," Mwenyekiti akasema, akikuna kidevu. Kisha uso ukamng'aa. "Lakini hiyo ni kitu ndogo! Angalia, mwisho wa ukuta tumeacha nafasi. Fundi ako hapa na grinda. Chagua jina nzuri sasa hivi, tumuweke kabla Mheshimiwa afike. Stephen. Boniface. Boniface ni nzuri, ni refu, itajaza."

"Mnataka kumbatiza?"

"Tunataka kumkumbuka, Wangeci. Usifanye mambo kuwa magumu."

Nitasema ukweli: nilitamani kukubali. Nilikasirika, damu ilikuwa kichwani, lakini nilitamani. Nilimwona mama amekaa jikoni akingoja simu. Yeye aliyepiga magoti miaka na miaka mwanawe apate jina la dini, leo angelipata, tena limechongwa kwenye jiwe. Na ukuta ungekuwa na mahali pa kuweka maua. Nani angejua kwamba Boniface ni Gathogo, isipokuwa sisi? Tena labda ndivyo wengine wote walivyofanya. Emmaculate alikuwa ameshapata Joash wake, amesimama mbele yake, na hakuwa akilia wala kuomba. Alikuwa anamtazama kama mgeni aliyeingia nyumbani bila kubisha hodi.

Nikampigia mama. Nikaweka sauti ya juu ili Mwenyekiti asikie, maana nilijua mama atafurahi na mimi sikutaka kuwa na hiyo furaha peke yangu. Nikamweleza yote.

Nikasikia akiweka sufuria chini.

"Gerishon ako hapo?" mama akauliza.

"Niko, Mama Eddah," Mwenyekiti akasema, akainamia simu. "Tunamuwekea Boniface."

"Mimi nilimlilia Gathogo achukue jina ya kanisa mpaka magoti yangu yakaisha. Unajua."

"Najua, mama. Mungu amejibu."

"Ngoja nimalize. Wale vijana wa barabarani hawakumuuliza jina ya kanisa. Walichukua kitambulisho wakasoma Gathogo, wakamuua kwa hiyo. Wao waliweza kuisoma, Gerishon. Wewe unashindwa kuiandika?"

Mwenyekiti akajinyoosha, akapangusa paji la uso kwa tai. "Mama, hiyo sasa ni siasa," akasema. Kisha king'ora kikasikika kwenye lango, naye akawa mtu mwingine. "Fundi! Andika hapo 'Na Wengine'. Haraka, Mheshimiwa amefika!"

Fundi akawasha grinda. Sikupanga nilichofanya, wazee husema hasira hasara, lakini siku hiyo sikuwa na cha kupoteza. Nilikwenda nikaegemeza mgongo kwenye ile nafasi wazi. Emmaculate akamwacha Joash wake, akaja akasimama kando yangu, bega kwa bega, mkoba mbele kama mtu aliyeketi kanisani. Fundi akatutazama, akamtazama Mwenyekiti, akazima mashine akaenda kutafuta kivuli.

Mheshimiwa akaingia na watu wake, kamera na kipaza sauti cha jumba vikimfuata. Alitembea polepole akigusa mawe, akisema "John... Mary... wote ni Wakenya." Alipotufikia alitukuta tumeganda pale, kina mama wawili na vitambaa vyetu, akaona tunafaa. Akatupa mkono, akachukua kipaza sauti.

"Na hawa mama zetu. Nyinyi mlipoteza nani?"

Akanielekezea. Mwenyekiti nyuma yake alikuwa akinitikisia kichwa mpaka ua la kifuani likaanguka.

"Gathogo Kamande," nikasema. "Aliuawa kwa sababu anaitwa Gathogo Kamande."

Sauti yangu ilitoka kwenye spika zote, nje na ndani. Watu wa foleni ya kioo wakageuka. Mheshimiwa, tabasamu bado liko, akahamisha kipaza sauti kwa Emmaculate upesi, kama mtu anayetoa kaa la moto.

"Joash Okumu," Emmaculate akasema. "Na wale walimuua wanaitwa majina kama ya huyu."

Akanionyesha mimi. Hakuniangalia, lakini mkono wake wa pili ulikuwa umenishika kiwiko, amenikaza kweli kweli. Nikaitikia kwa kichwa mbele ya kamera, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ilikuwa zamu yake kulisema. Iliniuma. Ilikuwa afadhali kuumwa hivyo kuliko kuendelea kuzunguka.

"Kina mama, kina mama," Mheshimiwa akasema. "Tusirudi huko."

"Lakini ndiko mmetualika, Mheshimiwa," nikamwambia.

Yule mzee aliyeshika Joseph akaita kwa nguvu jina la mwanawe, lote, la ukoo na kila kitu. Yule mama wa kidole cha pili akaita la wake. Watu wakaanza kutaja kutoka huku na huku, majina ya kila upande wa nchi, mengine sijui hata kuyatamka. Mwenyekiti akakimbia kutafuta swichi ya spika, akaizima, na hakuna aliyejua kwamba imezimwa.

Ndipo nikakumbuka nimeshika simu na haijakatwa. Nikaiweka sikioni.

"Mama? Umesikia?"

"Nimesikia," mama akasema. "Mwite tena. Huyo ndiye nilizaa."