Nyundo Iwe ya Mwisho

Trela mbili zilikuwa zimerudi karakanani, kwenye eneo la viwanda, Zone Industrielle, zikiwa na ufa mahali pale pale: ukingoni mwa mshono wa kuchomelea, pale mkono wa kuvutia trela unaposhikana na fremu. Ya tatu ilikuwa bado inaundwa, na Saliha, injinia mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, hakutaka ifuate nyayo za zilizotangulia.

Akamgeuzia kompyuta Papa Dieudonné, mkuu wa mafundi. Kwenye picha ya hesabu zake, mshono uliwaka rangi nyekundu.

"Chuma kikipoa baada ya kuchomelewa kinajivuta chenyewe, hata kabla ya kubeba gunia moja. Mvuto huo, huu wekundu, unabaki ndani, na ufa unazaliwa hapo. Ukigonga ukingo kwa nyundo ya hewa, mvuto unageuka mbano, na mbano hauachi ufa ufunguke. Tazama, nyekundu inakuwa bluu."

"Lakini kugonga tunagonga, mama. Na bado zinapasuka."

"Mnagonga, halafu?"

"Halafu tunapasha moto, tunyooshe mkono. Kuchomelea kunaupinda."

Saliha akauingiza moto huo kwenye hesabu. Bluu ikafifia hadi ikaisha. Akatabasamu. "Moto unafuta kazi ya nyundo, papa. Nyoosheni kwanza. Nyundo iwe ya mwisho."

"Apana. Hiyo ni picha tu. Mi nataka kuona chuma."

"Basi tukate chuma."

Wakavigonga sawasawa vipande viwili vya bamba moja. Kimoja wakakipasha hadi kikaiva, wakakiacha kipoe taratibu. Kabla msumeno haujawashwa, Saliha alisema mafundi wote wakisikia:

"Tukiichana ngozi ya juu, ya hiki kisichopashwa itabinuka, maana mbano bado umo. Ya kile cha moto italala bapa."

Alijua akikosea hatasikilizwa tena humo ndani. Alisema hata hivyo.

Ukanda wa kwanza, wa kipande kisichopashwa, ulipolazwa mezani, katikati uliinuka, mwanga ukapita chini yake. Dieudonné akaubonyeza kwa kidole, ukarudi juu. Wa pili ulilala bapa.

"Eeh!" Akacheka kwa sauti. "Kumbe tulikuwa tunajenga na kubomoa!"

Mkono wa trela ya tatu Dieudonné aliunyoosha kwa moto, kisha akaugonga mshono kwa nyundo, yeye mwenyewe, mpaka ukang'aa. Ikabeba mchele masika nzima. Iliporudi kubadilishwa magurudumu, Saliha aliingia chini na tochi: ukingo ulikuwa mzima, hauna hata ufa wa unywele.

Alipotoka, mtandio umejaa vumbi, Dieudonné alikuwa akimsubiri na mchoro wa tangi la mafuta.

"Na hili, mama, tuanzie wapi?"