Mkubwa wa Kambere

Mimi ndiye niliyemfundisha Ignace kuhesabu watoto wetu, kwa hiyo lawama ianze kwangu.

Tunafanya kazi pamoja Beni, katika ofisi ndogo ya komuni inayoandika vizazi na vifo. Ignace aliletwa na serikali kutoka Kananga, huko Kasai, miaka mitano iliyopita, na kusema kweli sikumpokea vizuri. Tumewazoea maofisa wa kutoka mbali: wanakaa mwaka mmoja wakilalamikia chakula chetu, kisha haooo, wameondoka. Wiki yake ya kwanza aliniuliza kama akina Kambere wote wa kwenye rejista ni wa ukoo mmoja. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikamhurumia, nikachukua karatasi nikamwandikia: kwetu Wanande mtoto hupata jina kwa zamu yake ya kuzaliwa kwa mama yake. Mvulana wa kwanza Nzanzu, wa pili Kambere, na kuendelea hadi wa sita, Mbusa; wasichana nao wana mstari wao. Akaibandika ukutani chini ya kalenda, akawa anaisoma kama mwanafunzi wa darasa la sita.

Mwaka haukuisha akawa ananishinda. Mama akimleta Kambere, Ignace hagusi kalamu kabla hajauliza, "Na mukubwa wake?" Akina mama wakampenda kwa hilo. Hata mimi nilimpenda, ila sikumwambia, asije akavimba kichwa.

Alipomposa Hadassa, binti wa Kataliko, mzee wa kanisa huko Butembo, Kataliko alisita. Hakuwa na neno na watu wa Kasai, alisema, ila aliogopa wajukuu zake watapotea kwenye hesabu, isijulikane tena nani alimfuata nani. Ignace akaahidi kwamba watoto wataitwa kwa desturi ya mama yao. Basi wakafunga ndoa.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Hadassa alipanda Butembo kujifungulia kwa mama yake, Rébecca. Simu ikalia ofisini saa nne asubuhi: mvulana. Ignace hakungoja hata kukaa. Alifungua rejista na kuandika kwa mwandiko wake mzuri: Nzanzu. Sahihi ya burgumestri, mkuu wa komuni yetu, ingetiwa Jumatatu. Akatununulia biskuti, nami nikapiga makofi, nikala tatu.

Jumamosi tulipanda gari kwenda Butembo, yeye na mimi na gunia la mchele. Huko juu baridi haina adabu, nikajifunga kitenge cha pili juu ya cha kwanza. Nyumba ya Kataliko ilikuwa na furaha, uji ulikuwa tayari, Hadassa amekaa kitandani chumba cha pembeni, mlango wazi, mtoto kifuani. Ignace, ndani ya suti yake ya harusi, akatangaza kwamba ahadi ameitimiza: mtoto ameshaandikwa Nzanzu.

Rébecca aliangalia sahani zake. Kataliko akaomba sala, akimwita mtoto "huyu mdogo" mara nne, jina hakulitaja. Hadassa akageukia ukuta. Baadaye kidogo Rébecca alikuja kutuambia kwa upole kwamba binti yake hatashuka Beni, atabaki hapo. Kwa muda gani, hakusema.

Ignace akatoka uani, nikamfuata.

"Desturi yao yote nimeishika," akasema. "Mais hata nifanye nini, miye nitabakia tu mugeni."

Nilifungua mdomo nimkaripie, ndipo nikakumbuka. Miaka miwili nyuma Hadassa alizaa mvulana, huko huko Beni. Aliishi siku mbili. Mimi mwenyewe nilimpelekea Hadassa sombe ya majani ya muhogo hospitalini, nikakaa naye nikimshika mkono. Na nilikuwa nimemsahau yule mtoto. Mimi, mwanamke wa Kinande, nilikula biskuti jina lake likipewa mwingine! Niliona haya ambayo sikuwahi kuiona maishani.

"Shefu," nikamwambia, "Nzanzu alishakuwa. Siye tunahesabu hata benye balikufa. Ukipatia huyu jina ile, ni kusema ule wa kwanza hakuzaliwa."

Akakaa juu ya jiwe la kufulia, suti na vyote. Akanieleza kwamba mama yake alipoteza watoto wawili, na nyumbani kwao ilikuwa marufuku kuwataja ili asilie tena. Ndivyo alivyojifunza kumpenda mtu aliyefiwa: kunyamaza. Alimzika mwanawe akisaidiwa na wanaume wanne wa kanisa, Hadassa akiwa bado hospitalini, akarudi nyumbani akaondoa nguo ndogo zote kabatini. Tangu siku hiyo hakusema neno. Alidhani mkewe anamshukuru kimoyomoyo.

Nikamwambia maneno hayo si yangu, ayapeleke ndani. Akaenda, na mlango hakuufunga, na mimi sikuziba masikio.

"Miaka mbili hukumutaja hata siku moja," Hadassa alisema. "Nikasema mu roho, huyu alishamusahau. Na sasa umekamata jina yake, umepatia mwingine."

"Hapana, sikumusahau. Alikuwa na alama hapa, kwa sikio ya kuume. Njo miye nilimufunika. Nilikuwa naogopa utalia, donc nikanyamaza."

"Nililia peke yangu, Ignace."

Basi wakalia pamoja, kwa mara ya kwanza, na mimi huko uani nikalia nao bila kualikwa.

Kabla hatujaondoka Ignace alisimama mbele ya wakwe zake na kuomba radhi. Mvulana huyu ni Kambere, alisema, na mkubwa wake ni Nzanzu. Kataliko akamuuliza kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza, mimi nikiwa wa kwanza kwa miaka mitano yote: kwao Kasai watu huitanaje, na baba yake alikuwa nani? Ignace akasema kwao mtoto hubeba jina la mtu wa ukoo, na baba yake alikuwa Mulumba.

"Basi aitwe Kambere Mulumba," Kataliko akasema. "Huyu mutoto iko na bababu babili."

Rejista ya serikali haichanwi ukurasa. Jumatatu Ignace alipiga mstari juu ya jina la kwanza na kuandika jipya pembeni, na burgumestri akatia sahihi mara mbili huku akinung'unika. Kwa yule mkubwa ilihitajika hukumu ya mahakama, maana muda wa kumwandikisha ulikuwa umepita zamani. Mwandishi wa vizazi na vifo alikuwa hajamwandika mwanawe mwenyewe! Aliifuatilia karatasi hiyo miezi mitatu.

Ilipotoka, Hadassa alikuwa ameshashuka Beni. Alikuja ofisini na mtoto mgongoni, akapanga foleni, akakataa nilipomwita apite mbele. Zamu yake ilipofika Ignace alikuwa na hukumu mezani, angeweza kumwandika yule mkubwa bila kuuliza lolote. Lakini alimuuliza kama anavyowauliza wote.

"Jina ya mutoto?"

"Kambere."

"Na mukubwa wake?"

Watu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Hadassa hakushusha sauti.

"Nzanzu," akasema. "Andika."